Nyumba Isemwayo Ina Shetani: Somo la Kuhakikisha Kabla ya Kuhukumu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu masikio na macho na moyo, kisha akamjulisha kwamba kwa vyote vitatu ataulizwa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ewe ndugu msomaji, jambo tutakalolisema hapa huenda limekupata wewe, na kama halikukupata wewe limempata jirani yako. Mtu arudi nyumbani baada ya sala ya isha, amkuta mkewe ameketi barazani na watoto wamemlalia mapajani. Amwuliza: "Kulikoni, mama watoto?" Naye amjibu: "Bwana, mimi humo ndani silali tena. Pana mtu apita darini, na mwanao asema jana usiku alikaliwa kifuani."

Hapo waume hugawanyika mafungu mawili. Wa fungu la kwanza hucheka akasema hayo ni maneno ya wanawake, akaingia akalala, akamwacha mke akikesha. Wa fungu la pili huogopa kuliko mkewe, akaenda usiku ule ule kwa mwaguzi. Hata kukicha mbuzi mweusi atafutwa, na fedha za karo ya watoto zatoka sandukuni. Katika somo hili twataka kuonyesha, kwa uwezo wake Mola, kwamba mafungu yote mawili yamekosa, na kosa lao ni moja: hapana katika wao aliyetazama. Yule amekanusha bila ya kutazama, na huyu amesadiki bila ya kutazama. Na kati ya wawili hao yuko mwanamke mgonjwa na watoto wake, ambao huenda siku moja wasiamke.

FASILI YA KWANZA: Itikadi yetu na mpaka wake

Asije mtu akatusingizia kwamba twakanusha majini. Majini wapo, Qur'ani imewataja, na imo ndani yake sura nzima yenye jina lao. Walakini kusema "majini wapo" ni jambo moja, na kusema "aliyegonga dirisha la bibi fulani jana usiku ni jini" ni jambo jingine. La kwanza ni itikadi, na dalili yake ni Kitabu. La pili ni khabari, na khabari yataka kuhakikishwa. Katika Sura ya Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa tuichunguze khabari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na katika Sura ya Israi, aya ya 36, tumekatazwa kulifuata jambo tusilolijua.

Na lau ingalikuwa halali kuliacha kosa la watu kwa kuwa lina manufaa, angalikuwa na haki zaidi Mtume (S.A.W.) siku alipofiwa na mwanawe Ibrahimu. Jua lilipatwa siku ile, watu wakasema limepatwa kwa kufa mtoto wa Mtume. Tazama, ndugu yangu: maneno yale yalikuwa ni ya kumtukuza, na yeye mwenyewe alikuwa katika huzuni. Walakini hakunyamaza. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, na wazionapo wasali na waombe. Kwa maneno hayo aliondoa dhana, na akaacha ibada mahali pake. Huo ndio mwendo tutakaoufuata katika khabari ya nyumba.

FASILI YA PILI: Kisa cha Bibi H

Mwaka 1921 daktari mkubwa wa macho wa Marekani, jina lake William Wilmer, alichapisha katika jarida la madaktari wenziwe makala juu ya sumu moja itokayo katika moto, na namna inavyoyadhuru macho. Ndani ya makala ile alitia maelezo ya mwanamke mmoja aliyemwita Bibi H tu, kwa kumsitiri. Twayasimulia kwa maneno yetu, kwani ni katika visa bora vya mlango huu.

Bibi huyo na mumewe na watoto wao walihamia, mwezi wa Novemba mwaka 1912, katika nyumba kubwa ya zamani iliyokuwa imekaa muda mrefu bila ya mtu. Haikuwa na umeme. Taa zake zilikuwa za gesi, na mazulia yake mazito hata unyayo wa mtu hausikiki. Hazikupita siku nyingi, kimya cha nyumba kikaanza kuwalemea. Asubuhi moja bibi alisikia nyayo katika chumba kilicho juu ya kichwa chake. Akapanda mbio: chumba kitupu. Akapita chumba kwa chumba, akapanda na ghorofa ya juu, asione mtu. Usiku akasikia katika ghala kishindo kama cha vyombo na samani zinazosukumwa mlangoni. Watoto wakawa weupe na wanyonge, wakakataa chakula, na chumba chao cha kuchezea wakakihama. Hata mimea ya ndani ikafa. Bwana mwenyewe, akiketi mezani kula, alihisi mtu anyemelea nyuma yake ataka kumgusa, hata ikambidi akigeuze kiti chake.

Mchana mmoja bibi alimwona mwanamke mgeni, mwenye nywele nyeusi na nguo nyeusi, amjia kutoka mwisho wa chumba cha kulia. Alipomwendea, mwanamke akatoweka, na mahali pake pakawa na kioo, na ndani ya kioo ni sura yake mwenyewe bibi, naye amevaa nguo nyeupe. Na usiku mmoja aliamka akaona mwanamume na mwanamke wameketi miguuni pa kitanda chake. Akataka kuinuka, viungo vikakataa.

Sasa simama hapa, msomaji, ujiulize: lau bibi huyu angalikuwa katika mtaa wetu, tungalisemaje? Nyumba ilikaa tupu muda mrefu. Mama na baba na watoto wote wamepatwa. Mchana ameonekana mtu, na usiku wawili. Wallahi ni wachache katika sisi ambao wasingaliapa kwamba nyumba ile ina wenyewe.

Aliyewaokoa ni ndugu yake mume. Huyo alipopewa khabari, hakucheka wala hakupiga ramli. Alikumbuka kwamba miaka ya nyuma alisoma makala juu ya jamaa nzima walioingiwa na hewa ya sumu wakaona na kusikia mambo ya ajabu, akawashauri wamwite mtaalamu upesi. Mtaalamu akaja, akaikagua nyumba, akalikuta tanuri la kuipasha nyumba joto ni bovu kabisa. Moto wake haukuwaka sawasawa, na hewa yake, badala ya kupanda dohani ikatoka nje, ilikuwa ikimiminika vyumbani. Akawaonya wasiwalaze watoto humo hata usiku mmoja zaidi, kwani huenda kukicha baadhi yao wasiamke tena. Tanuri likatengenezwa, na mizuka ikakoma.

Katika kisa hiki mna mafunzo matatu. La kwanza, bibi hakusema uwongo. Nyayo alizisikia kweli, na mtu alimwona kweli, kwa kadiri ya akili iliyolishwa sumu. Aliyemcheka angalikuwa amemdhulumu. La pili, wingi wa mashahidi haukuthibitisha jini, kwa sababu mashahidi wote walivuta hewa moja. Shahidi hushuhudia alichokiona. Sababu yake hutafutwa kwa uchunguzi. La tatu, jamaa ile iliokolewa na kurasa chache alizozisoma mtu miaka ya nyuma, wala hakujua siku ile atazihitajia lini. Basi usidharau kusoma.

FASILI YA TATU: Hewa ile ni nini

Moto wowote, wa makaa au kuni au mafuta ya taa au gesi, ukikosa hewa ya kutosha hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu wala ladha. Moshi hujitangaza, kwani huonekana na hukoholesha. Walakini makaa yaliyokwisha kuiva, mekundu, yasiyo na moshi hata kidogo, ndiyo yamdanganyayo mtu zaidi. Hudhani moto umetakata, na kumbe sumu yaendelea kutoka.

Kazi yake mwilini ni hii. Katika hewa tuvutayo mna oksijeni, nayo huchukuliwa na damu kwa kitu kiitwacho himoglobini, mfano wa mashua ichukuayo shehena kutoka bandarini kuipeleka mjini. Sumu hii huishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Basi mashua zote hujaa shehena ya sumu. Kifua chapanda na kushuka, na mji wafa njaa. Dalili za kwanza ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, na moyo kwenda mbio. Ikizidi, akili huchafuka. Mwisho wake ni usingizi, na baada ya usingizi ni mauti. Na aliyekuwa amelala tangu mwanzo huenda afe asijue lolote. Watoto, wazee, wenye mimba na vichanga vilivyomo matumboni ndio walio khatarini zaidi.

Na yule akaaye ndani mchana kutwa na usiku kucha ndiye avutaye zaidi. Mume yuko dukani, au baharini, au msikitini, apigwa na upepo. Kwa hiyo usistaajabu mke akiwa wa kwanza kusema, wala usijisifu kwamba wewe huoni kitu.

Usidhani hayo yalikuwa ya zamani tu. Mwandishi mmoja wa Marekani, Carrie Poppy, alieleza katika hotuba aliyoitoa hadharani mwaka 2016 namna alivyokaa peke yake katika nyumba ndogo mjini Los Angeles, akahisi aangaliwa, akasikia sauti, na kifua kikambana kila siku zaidi ya jana. Akaamini pana mzuka, akachoma majani ya kufukuzia pepo wabaya, na hali haikubadilika. Hatimaye aliwaeleza watu wachunguzao mizuka kwa njia ya ushahidi, nao wakamwuliza kama aijua sumu hii. Akawaita watu wa gesi usiku ule ule. Wakaja, wakaona gesi yavuja, wakamwambia lau asingaliwaita angaliweza kufa upesi. Hao ni wachunguzi wa mizuka waliomfaa mwanamke. Na manufaa yao yote yalikuwa katika suali moja lililoulizwa kwa wakati wake.

Sasa tuzirejee nyumba zetu. Majira ya mvua, jiko la makaa huingizwa chumbani, madirisha yakafungwa kwa rasharasha na mbu, na watu wakalala. Mama aamka kichwa chamwuma, mtoto atapika, na mwingine aota mchana. Aitwa mganga. Na mganga afanya nini? Aamuru milango ifungwe, mgonjwa afunikwe shuka gubigubi, na chetezo cha makaa kiwekwe chini yake kwa ubani. Subhanallah! Mtu augua kwa hewa ya makaa, naye aongezewa makaa. Akizimia, husemwa "pepo amepanda kichwani". Na akitolewa nje kwenye upepo akazindukana, husemwa "pepo ametoka". Ametoka kweli, walakini aliyemtoa ni upepo wa kusi, na ada ameichukua mganga.

Hatusemi udi na ubani ni haramu. Twasema moto ni moto, uwe chini ya chungu au chini ya ubani, na chumba chenye moto chataka dirisha wazi.

Na tungaliifuata sunna tungalisalimika. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, nyumba moja Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Mtume (S.A.W.) alipopewa khabari, aliwajulisha watu kwamba moto ni adui yao, na akawaamrisha wauzime walalapo. Kisa kile ni cha kuungua, walakini amri ni ya jumla. Na kila elimu izidipo, ndipo hekima ya amri ile izidipo kuonekana.

FASILI YA NNE: Wachunguzi walioitafuta sifa

Si kila aitwaye mchunguzi huchunguza. Katika kijiji cha Borley, jimbo la Essex, Uingereza, palikuwa na nyumba ya kasisi iliyojengwa mwaka 1863, na watu wakisema mtawa wa kike huonekana bustanini. Mwaka 1929 gazeti moja la London lilimpeleka huko Harry Price, mchunguzi mashuhuri wa mizuka wa zama zile, na jina la nyumba likaenea nchi nzima.

Mwaka 1930 akahamia kasisi mwingine, Lionel Foyster, mtu mzima mwenye maradhi, pamoja na mkewe Marianne aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Hapo mambo yakazidi: mawe na chupa hurushwa, kengele hulia, na ukutani huonekana maandishi, mengine yakimtaja Marianne kwa jina na kuomba msaada. Price alikuja mwaka 1931, akatazama, akaondoka akiamini kwamba ni mwanamke mwenyewe afanyaye. Huenda alisadiki na huenda alikosea. Hilo si la kulihukumu sisi. Linalotuhusu ni kwamba aliondoka. Ikiwa mwanamke yule alitishwa kweli, hakupewa msaada; na ikiwa alifanya mwenyewe, basi hapana aliyeuliza ni dhiki gani imfanyayo mke wa mtu, katika nyumba kubwa ya baridi na mume mgonjwa, aandike msaada ukutani. Jamaa ile ilikaa humo hata mwaka 1935.

Price alirudi. Mwaka 1937 aliikodi nyumba ile mwaka mzima, akatangaza gazetini atafuta watu wa kuilinda usiku. Nyumba ikateketea kwa moto mwaka 1939, na mwaka 1940 akatoa kitabu akiitaja kuwa ndiyo yenye mizuka kuliko zote Uingereza. Kikasomwa sana. Price alifariki mwaka 1948. Mwaka 1956 watu watatu wa chama cha uchunguzi wa mambo hayo, kilichoasisiwa London mwaka 1882, walitoa ripoti yao: mengi yaliyosimuliwa yaweza kuelezwa kwa panya, kwa mwangwi wa jengo na kwa hila za watu, na Price mwenyewe hakuepukana na tuhuma.

Pima sasa. Ndugu wa yule bwana H hakuandika kitabu, na jina lake hatulijui. Walakini watoto waliamka. Huyu wa Borley jina lake lajulikana dunia nzima, na hatuoni ni nani aliyelala salama kwa sababu yake. Mwaguzi wetu yu pamoja na nani katika wawili hawa? Akija nyumbani kwako, je, atazama dohani, au atazama mfuko wako?

FASILI YA TANO: Sababu nyingine zimdanganyazo mtu

Hewa ya moto si sababu ya kila nyumba. Mwaka 1998 mhandisi mmoja Mwingereza, Vic Tandy, alieleza katika jarida la chama kile kile tulichokitaja namna yeye na wenziwe walivyotishwa katika chumba chao cha kazi: baridi ya ghafula, khofu isiyo na sababu, na kitu cha kijivu kionekanacho pembeni mwa jicho. Siku ya pili yake alibana chuma chembamba cha upanga wa kuchezea ili akitengeneze, akakiona chatikisika peke yake. Akalifuata jambo lile, akagundua feni mpya yatoa mtetemo wa kiasi ya mara 19 kwa sekunde, nao ni chini ya kiwango cha sikio la mwanadamu, lakini mwili waupokea. Feni ilipotengenezwa, khofu ikaondoka. Hiyo si hukumu ya kila nyumba. Ni mfano wa mtu aliyeogopa, kisha akaifanya khofu yake kuwa mwanzo wa kuuliza.

Nyumba zetu nazo zina sauti zake. Bati hupanuka kwa jua na hujikunja kwa umande, likalia usiku kama lililotupiwa jiwe. Boriti hulia vivyo hivyo. Popo na panya hufanya darini mwendo wa watu wazima. Kaskazi ikipiga, tundu la ukuta huwa zumari.

Ama jinamizi, la kumkalia mtu kifuani, hilo madaktari walijua. Mtu aotapo viungo vyake hulegezwa, asije akaruka kitandani kwa kufuata ndoto. Mara nyingine akili huamka kabla ya mwili kufunguliwa. Basi aona chumba, na bado aota ndani yake, wala hawezi kuinuka. Hupita baada ya muda mfupi, na huzidi kwa uchovu na kukosa usingizi. Kutolijua hilo kwaleta khasara kubwa: mwaka 1995 Pemba na Unguja ziliingiwa na khofu ya Popobawa, watu wakalala nje makundi kwa makundi wakikoka moto, na katika khofu ile aliuawa mtu asiye na hatia kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Damu ya mtu ilimwagika kwa khabari isiyohakikishwa. Je, tutaijibu vipi mbele ya Mungu?

FASILI YA SITA: Ufanye nini ukiambiwa nyumba ina kitu

Kwanza, msikilize mkeo, au mama yako, au dada yako, mpaka amalize. Usimkatize, usimcheke. Mwulize: ni saa ngapi, chumba gani, na ni nani wengine waliopatwa? Yaandike, kwani khofu husahau saa na huzidisha idadi.

Pili, tazama afya za watu wote. Je, vichwa vyauma? Je, wakitoka nje au wakilala kwa jamaa hupata nafuu, na wakirudi hurudiwa? Hilo likiwapo, watoe wote nje kwenye hewa safi saa ile ile, mkubwa na mdogo, kisha wapeleke hospitali, ukamwambie daktari ya kuwa nyumbani mlikuwa na moto. Usingoje kukicha. Jiko, jenereta, na chombo chochote cha gesi kisirudi kutumika ndani kabla ya kukaguliwa na fundi ajuaye. Siku hizi viko na vyombo vidogo vyenye kengele ya kuitambua hewa hiyo. Mwenye uwezo akinunua amefanya vema.

Tatu, ukague nyumba mchana, paa na dari na bomba. Kisha keti usiku uzime taa, usikilize wewe mwenyewe mahali ulipoambiwa.

Nne, mtazame mwenye kusema. Huenda ana homa, kwani malaria humpagawisha mtu. Huenda amejifungua karibu, au amefiwa, au halali usingizi kwa dhiki usiyoijua, au ambayo wewe ndiwe sababu yake. Hayo nayo ni maradhi, na Mtume wetu ametufundisha kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa.

Tano, na pamoja na hayo yote wala si baada yake, soma Qur'ani nyumbani mwako wewe mwenyewe. Soma Ayatul Kursi na Sura ya Baqara, ambayo tumefundishwa ya kuwa shetani huikimbia nyumba isomwamo. Hayo hayana ada wala mbuzi mweusi.

MASUALI NA MAJAWABU

Suali: Je, kuchunguza tanuri na bati si uchache wa imani?
Jawabu: La. Aliyeumba majini ndiye aliyeumba moto na hewa na damu, na kila kimoja amekipa kanuni yake. Anayesingizia majini kazi ya makaa amekosa elimu ya yote mawili.

Suali: Na kama nimechunguza kila kitu nisione sababu?
Jawabu: Sema: sijui. Neno hilo halimdhuru mtu. Dumu katika dua na matibabu, na ukiweza hama nyumba. Kutojua sababu hakukupi rukhusa ya kumtuhumu jirani wala mkweo.

Suali: Mganga huyu asema hatumii ila aya za Qur'ani. Je, nimwite?
Jawabu: Mwenye kusoma Qur'ani kwa ajili ya mgonjwa amefanya kheri. Walakini akianza kukuambia ni nani aliyekuroga, au kitu gani kimezikwa uani, amekwisha toka katika kisomo ameingia katika uaguzi. Na hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim yasema kwamba mwenye kumwendea mwaguzi akamwuliza jambo, sala zake hazikubaliwi siku arubaini.

Suali: Ni lipi la kwanza kabisa kulikumbuka?
Jawabu: Ukiwakuta walio ndani ya nyumba wameugua pamoja, watoe nje kwanza, kisha ndipo uulize sababu.

KHATIMA

Katika Sura ya Jinni, aya ya 6, tumejulishwa ya kuwa walikuwako wanaume katika wanadamu wakijikinga kwa wanaume wa kijini, na hao hawakuwazidishia ila taabu. Aya hiyo imewataja wanaume, ewe ndugu. Basi tusiwacheke wanawake kwa khofu, na sisi ndio tuwapelekao kwa waaguzi.

Mkeo akikuambia nyumba ina kitu, amini kwamba kuna kitu, mpaka ukijue ni nini. Huenda kikawa panya, au bati, au huzuni, au jiko ulilolinunua wewe mwenyewe. Ukitafute kwa taa na kwa dua, na usilale kabla ya kuuzima moto.

Mwenyezi Mungu atuongoze sisi nanyi, azihifadhi nyumba zetu na waliomo ndani yake, na atupe moyo wa kuuliza kabla ya kuhukumu. Amin.